Banda au hema ufukweni Kigamboni?

Kwa familia yenye watoto wadogo, nasema banda bila kusita. Paa la makuti linapitisha hewa, mlango unafungwa, chandarua kipo, na mvua ya masika, Machi hadi Mei, ikishuka usiku hamuamki kuhamisha magodoro.

Hema ni nafuu na unalala karibu na maji. Lakini jua la Dar likishapanda kidogo tu, ndani panakuwa tanuri. Tena mchanga mkavu haushiki vigingi: upepo wa kusi ukivuma, jaza mifuko mchanga, ifunge kamba za hema, kisha ifukie. Vijana mnaovuka na pantoni ya Magogoni, hema linawatosha. Ulizeni kwanza choo na mlinzi, na msilisimamishe chini ya mnazi wenye nazi zilizokomaa.