Pakingi ya nyuma ya maduka, Lamu Road Malindi: nimewapeleka kortini, nimeshindwa, na nyota ni 1 tu

Pakingi naipa nyota 1. Korti ya madai madogo naipa 4, na kesi nilishindwa, kwa hivyo mtu asidhani nasifu kwa sababu nilipendelewa. Nimeona niandike zote mbili pamoja manake watu wengi hapa Malindi wanafungiwa magari, wanalipa, wananyamaza, wakidhani kortini ni pa matajiri na mawakili.

Jina la kampuni silitaji. Ni kile kiwanja cha murram nyuma ya maduka, kina kizuizi cha bomba mlangoni na gadi anakupa kikaratasi chenye saa uloingia. Haki yao nitawapa, pana kivuli cha miarubaini, magari hayaguswi, sijaskia mtu kaibiwa saidimira pale, na ukinunua kitu madukani saa ya kwanza ni bure. Sasa ukipitisha hiyo saa, huongezewi bei ya saa ya pili kama kwengine, ni klempu moja kwa moja, yaani chuma cha kufungia gurudumu, shilingi 3,000.

Mimi niliingia kumchukulia mamangu dawa za sukari. Nyuma ya probox nilikuwa na kasha la samaki, changu na tewa wa Ngomeni, oda ya hoteli moja Watamu. Duka la dawa limejaa, mtandao wa kulipia ukakwama, tukangoja foleni haisongi. Natoka nakuta gurudumu la mbele limebanwa na chuma cha manjano na stika imebandikwa kwenye kioo upande wa dereva, tena kwa gundi ile ya kweli, nilikuja kuibandua kwa wembe na maji moto na alama iko mpaka leo. Nilikuwa nimepitisha dakika 25. Nkamwendea gadi, kijana mdogo tu, nkamwambia mwanangu nifungulie nina samaki, akanambia "mama mimi sina ufunguo, wenye ufunguo wako na pikipiki, lipa kwanza kisha uwapigie." Alinisemesha kwa adabu, yeye sina neno naye.

Nkalipa kwa M-Pesa hapo hapo. Meseji inarudi, jina la aliyepokea si lile la kwenye kibao wala la kwenye stika, ni jina jengine kabisa. Nkapiga simu, tunakuja mama, tunakuja mama, adhuhuri ikaadhiniwa ikapita, wao wakatokea alasiri inakaribia. Barafu ishakuwa maji. Wale changu macho yashazama, mashavu yashageuka rangi, ukibonyeza nyama haisimami tena, hoteli wakawakataa na siwalaumu kwa hilo, hata mimi nisingewanunua. Nilipowapigia wenye pakingi kuwaambia hasara ilonipata wakanambia nishtaki ninakotaka. Basi nkashtaki.

Sasa kuhusu korti. Imewekwa na sheria ya 2016, ikaanza kazi 2021, inasikiza madai ya pesa yasiyopita shilingi milioni 1. Wakili si lazima, unaweza kujisimamia mwenyewe. Karani alinisikiza kwa Kiswahili, akanionyesha pa kujaza kwenye fomu, na alivonijibu sikujiona nimeenda kumsumbua mtu. Sheria inataka kesi iishe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe, na ikishasikizwa hukumu isipite siku 3, na kwangu walitimiza. Nina shangazi ana kesi ya shamba tangu mimi niko shule ya msingi na bado anaitwa mara faili haionekani mara hakimu kahamishwa (mashamba hayasikizwi kwenye korti hii, msije mkaenda bure), kwa hivyo kuona kesi inaanza na inaisha lilinigusa sana.

Nilidai 3,000 yangu, bei ya samaki, na nauli za tuktuk. Hoja yangu kubwa ilikuwa kibao. Kibao ni kimoja tu, kiko mlangoni, kimeandikwa Kizungu tupu, bei ya klempu iko mstari wa mwisho kwa herufi ndogo, na kile kichaka cha bogonvila kimekifunika nusu. Nkasema katiba kifungu cha 46 inampa mtumiaji haki ya kupewa habari anazohitaji, na Kiswahili ni lugha ya taifa, sasa mzee wa Barani au mama wa Marafa anayeshuka na gari la mwanawe atakubalije masharti ambayo hawezi kuyasoma?

Wao walikuja na wakili kutoka Mombasa. Akatoa kesi ya Uingereza ya 2015, kampuni ya ParkingEye na bwana mmoja Barry Beavis. Huyo bwana alipaki kwenye maduka mji wa Chelmsford, ruhusa saa 2 bure, akapitisha karibu saa nzima, akatozwa pauni 85, akabisha mpaka mahakama ya juu kabisa ya kule na akashindwa. Majaji 6 kwa 1 walisema pesa ile si adhabu ya kuvunjwa, mwenye pakingi ana sababu ya haki ya kutaka magari yatoke ili wengine wapate nafasi, na masharti yalikuwa wazi kwa anayeingia. Wakili akasema na hapa ni vivo hivo.

Mimi nilikuwa nishajiandaa kidogo manake binamu yangu yuko Leicester, huko huko Uingereza, na mambo haya anayajua, huko ni vita vya kila siku. Nkamwambia hakimu (jina lao rasmi ni waamuzi lakini wote tunawaita hakimu) kwamba pakingi ya Beavis ilikuwa na vibao kama 20, vikubwa, kila upande, hapa kipo kimoja kwenye kichaka. Pili, Beavis alitumiwa barua nyumbani, gari lake halikufungwa, na Uingereza kwenyewe kumfungia mtu gari kwenye ardhi ya kibinafsi bila idhini ya sheria ni kosa la jinai tangu Oktoba 2012. Wametoa nusu ya hadithi. Wakili yule alishika kalamu akaandika, hakunijibu hilo.

Hakimu alisikiza yote, hakunikatiza, aliniuliza maswali ya maana. Kisha hukumu. Akasema kesi za Uingereza hazimfungi, zinamsaidia kufikiri tu, na sheria yao ya klempu haiko Kenya. Picha yangu ya kibao nilipiga siku za baadaye, yao ilipigwa siku ile ile pamoja na picha ya gari, ina saa, na bogonvila ilikuwa imekatwa. Kikaratasi nilichopewa kina maneno ya masharti kwa nyuma, nilikipokea nkaingia, basi tumekubaliana. Lugha, akasema Kiswahili na Kiingereza zote ni rasmi na hakuna sheria aloonyeshwa inayomlazimisha mtu binafsi kuandika kwa zote mbili. Samaki, hoteli hawakuja kutoa ushahidi wala hawakunipa karatasi ya kuwakataa, kwa hivyo hasara haikuthibitishwa. Dai likatupwa, na gharama kidogo za upande wa pili nkaambiwa nilipe.

La bogonvila nilimwelewa, ushahidi ni ushahidi. La samaki pia, japo liliniuma, manake meneja wa ile hoteli alinambia atakuja kisha simu hashiki. Lakini kikaratasi sikubaliani nalo mpaka kesho. Maandishi yale ni ya rangi ya kijivu juu ya karatasi ya risiti, ile inayofifia juani, na unapewa ukiwa ushaingia na nyuma yako kuna gari linapiga honi. Pale utasoma saa ngapi, na hata ukisoma na usipende utarudi vipi nyuma? Na zile saa walizoniweka baada ya mimi kulipa, hukumu ililigusa kwa sentensi moja tu, wakati kwangu hilo ndo lilikuwa jambo lenyewe, kulipa nimelipa, gari bado limeshikwa, samaki wanaoza. Rufaa unaweza kwenda Mahakama Kuu kwa hoja za sheria peke yake, ushahidi haufunguliwi upya, na bila karatasi ya hoteli sikuona pa kushika. Nililipa gharama.

Ndo maana korti nimeipunguzia nyota 1 lakini 4 nimeziacha. Mtu asiye na wakili alisimama mbele ya wakili wa Mombasa, akasikizwa kwa lugha yake, na alipewa sababu kwa maandishi. Hilo mimi naliheshimu na ningelitaka kila mvuvi na kila mama muuza viazi alijue.

Ukifungiwa, kabla hujalipa piga picha ya kibao kutoka pale dereva anapokiona, piga kikaratasi mbele na nyuma kabla hakijafifia, hifadhi meseji ya M-Pesa, andika saa ulolipa na saa walokuja kufungua. Kama kuna mali imeharibika, anayeikataa akupe maandishi siku ile ile, usikubali ahadi ya mdomo.

Na kampuni, kama mnasoma: andikeni bei ya klempu kwa Kiswahili, kwa herufi kubwa kama zile mlizoandikia jina lenu. Pesa zipokelewe kwa jina lililo kwenye kibao. Mtu akishalipa ufunguo uwe mikononi mwa gadi, si kwa pikipiki iliyoko Watamu. Mimi na mzigo wangu saa hii napaki barabarani nalipa kaunti, natembea na juwa hadi duka la dawa.