Rufaa kutoka Pate hadi kasualti: barua ya sista ilivyopokelewa

Zahanati ya kwetu kisiwani Pate, Lamu, pwani ya Kenya, haina daktari. Ina sista mmoja na msaidizi wake, na siku mama alipozidiwa, sista huyo ndiye aliyejua la kufanya. Yeye nampa nyota tano. Upande wa pili, kule barua yake ilikofika, natoa tatu, na nitaeleza kwa nini.

Mama ana ugonjwa wa sukari, mwaka wa tisa huu. Alfajiri hiyo alitapika mara tatu, akawa anahema kama mtu aliyekimbia. Saa moja kasoro tulikuwa mlangoni kwa sista. Miadi hakuna, unaingia tu. Akamchoma kidole, kimashine kikaandika HI. Mimi, wallahi, nilidhani kinasalimia. "Kaka, hiyo ni sukari imepita kipimo cha mashine," akanambia. Akamtundikia dripu ya maji ya chumvi, akaketi kuandika barua ya rufaa, simu kaibana begani akizungumza na kasualti, idara ya dharura ya hospitali.

Alipokata simu hiyo akampigia nahodha: Mkanda, ule mlango wa bahari tunaopitia, unapitika hadi saa ngapi? Ilikuwa bamvua, na siku za bamvua maji hupwa kabisa mnamo saa nne, saa tano asubuhi. Ukichelewa, boti inakaa mchangani na mgonjwa wako ndani, mnangoja maji yajae. Saa moja na nusu tulikuwa tumeshaondoka. Malipo hakuulizia hata shilingi. Mama amesajiliwa SHA, bima ya afya ya serikali, na kwa zahanati hiyo inatosha.

Hospitali iliyotupokea sitaitaja. Kaunta wakauliza kitambulisho na namba ya SHA, wakatuambia tufungue faili kwanza. Nikatoa barua, nikasema sista amepiga simu. Yule kijana akaipokea, akaiweka chini ya daftari kubwa la usajili, ikabaki hapo. Simu ilipokelewa na zamu ya usiku, na zamu ya usiku ilikuwa imekwenda nyumbani. Tulikaa kwenye benchi karibu dakika arubaini, dripu nimeishika mkononi juu kama taa. Katiba yetu ya 2010, kifungu cha 43, inasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Hatukunyimwa, ni kweli. Tulisubirishwa.

Kilichotuokoa ni nesi aliyepita akaona mama anavyohema. Hapo mambo yakageuka: kitanda, oksijeni, damu ikatolewa. Wakapima sukari upya, na hilo silalamikii, maana saa mbili na zaidi zilikuwa zimepita. Ila daktari akaniuliza, "Amepewa insulini?" Nikasema sijui. Akauliza dripu ni ya ngapi, nikasema sijui. Nikakimbia kaunta, nikaichomoa barua chini ya daftari. Mstari wa tatu: mfuko wa kwanza umeanza saa 1:10, insulini hajapewa. Daktari aliisoma yote kwa nusu dakika, akaanza kazi. Kwa matibabu yaliyofuata sina neno. Mama alitoka siku ya nne akitembea.

Tangu hapo nawaambia jamaa: barua ya rufaa ipige picha kwa simu kabla hujapanda boti, na ile yenyewe usimwachie mtu wa kaunta, mpe anayemgusa mgonjwa.

Jambo jingine. Chini ya barua ile kulikuwa na sehemu ya kujazwa na hospitali, irudi kwa aliyetuma mgonjwa. Ilirudi tupu. Tuliporudi kisiwani sista alitaka kujua dozi mpya ya insulini, kwa sababu ni yeye atakayempima mama kila wiki. Nikamwonyesha picha ya karatasi ya dawa kwenye simu yangu, akainakili kwenye daftari lake akivuta kioo kwa vidole kuikuza. Akauliza majibu ya vipimo vya figo.

Sikuwa nayo.