Fungu la postikadi 50 za vichekesho vya pwani ya Uingereza: uzoefu wangu

Nilinunua fungu hili la kadi zenye michoro ya utani, za aina iliyouzwa kwenye miji ya mapumziko ya pwani, mtandaoni kwa pauni 32, likitangazwa kama postikadi 50 za zamani, mchanganyiko. Picha zimeniridhisha sana. Uchambuzi wa muuzaji haukuniridhisha: kadi 7 ni nakala zilizochapwa upya, na tangazo halikusema.

Kuzitambua, anza na rula. Postikadi ya kawaida ya Uingereza ya nusu ya kwanza ya karne ya 20 ni milimita 140 kwa 89. Zile 7 zina 148 kwa 105, kipimo kilichoenea baadaye. Kisha zima taa, umulike kwa tochi ya urujuanimno. Karatasi ya kabla ya Vita Kuu ya Pili hubaki imefifia. Ya kisasa mara nyingi huwaka buluu kwa kemikali ya kung'arisha. Kwa kadi za miaka ya 1950 kuja mbele usitegemee tochi, maana kemikali hiyo ilishaanza kutumika na kadi halisi nayo yaweza kuwaka.

Geuza kadi usome mgongo. Tafuta jina la mchapishaji na namba ya mfululizo. Kadi 19 katika fungu langu ni za Bamforth wa Holmfirth, Yorkshire. Stempu nayo inasaidia: hadi Juni 1918 kadi ya ndani ya nchi ilitumwa kwa nusu peni, ikapanda ikawa peni moja. Muhuri wa posta unakupa siku ya kutumwa tu, kwa hiyo kadi yenyewe yaweza kuwa imechapwa miaka mingi kabla.

Sita ni za mchoraji Donald McGill, sahihi yake ikiwa kwenye picha. Huyu ndiye niliyemtaka. Mwaka 1954 mahakama ya mji wa Lincoln, Uingereza, ilimtoza faini ya pauni 50 na gharama pauni 25 kwa sheria ya machapisho machafu ya 1857. Ukitazama kadi zenyewe utashangaa: mlevi mwenye pua nyekundu kama nyanya katoka baa, mkewe wa miraba minne anamngoja mlangoni na mti wa kusukumia chapati. Uchafu wote uko kwenye neno lenye maana mbili. Aliyezoea kusoma jina la kanga ataelewa upesi kazi inavyofanyika: maneno hayana kosa, msomaji ndiye anayemalizia. Ndiyo maana tafsiri huua kichekesho. Katika ile maarufu, kijana anamuuliza msichana kama anapenda Kipling, mwandishi. Kwa kuwa jina linaishia na -ing kama vitenzi vya Kiingereza, msichana anadhani ni kitendo, anajibu hajawahi kukifanya.

Hali ya kadi: pembe nyingi zimelika kidogo, hilo ni kawaida. Tatu zina utepe wa gundi, na hapo usijaribu mvuke wala maji. Gundi ya zamani imeshapenya karatasi, na ukivuta unaondoka na rangi. Ziache hivyo hivyo.

Muuzaji alizituma kwenye mifuko ya PVC. Nimezitoa siku hiyo hiyo, kwani plastiki hiyo hutoa mafuta yanayonata kwenye wino. Mifuko ya polipropilini au poliesta ni salama. Zipange wima, zisibanane, mbali na ukuta wenye unyevu unaoleta madoa ya kahawia.

Nilipomtumia picha za vipimo, muuzaji alirudisha pauni 4. Nyota 3 kati ya 5.