Testa ya taa nane na koleo la kubania RJ45: uzoefu wangu kwenye nyumba ya vyumba vitatu, Dodoma

Seti niliyonunua mjini ina vitu vitatu: koleo la kubania, testa ya vipande viwili ya kupimia kebo, na pakiti ya vichwa 100 vya RJ45 (plagi za plastiki za mwisho wa kebo ya mtandao) vya aina ya kupitisha, ambavyo nyaya hutokeza mbele ya kichwa kabla hujabana. Bei ilikuwa shilingi 45,000. Nimeitumia kwenye nyumba moja ya Ilazo yenye njia 9 za Cat5e (aina ya kebo ya mtandao yenye nyaya nane), ndefu kuliko zote mita 34. Naipendekeza kwa mtu anayetandaza mtandao nyumbani kwake, ila kuna mambo ambayo testa hii haiwezi kuyaona, na ndiyo yanayosumbua watu.

Kazi yake ya msingi inaifanya vizuri. Taa 1 hadi 8 huwaka kwa zamu kwenye kipande kikuu, na kipande cha pili kinatakiwa kifuate mpangilio uleule. Namba 3 ikiruka, waya wa tatu umekatika au haujabanwa sawasawa. Namba mbili zikipishana, rangi zimekosewa upande mmoja. Taa mbili zikiwaka kwa pamoja, nyaya zimegusana. Taa ya G isikutie wasiwasi, hiyo ni ya kebo zenye ngao ya foili na vichwa vya chuma.

Namba ikiruka, usikimbilie kukata. Rudisha kichwa kwenye koleo ubane tena kwa nguvu, pande zote mbili. Ukitazama kwa pembeni utaona jino moja la shaba limesimama juu kuliko mengine, maana yake halijatoboa plastiki ya waya. Mara nyingi tatizo huishia hapo. Kwa tahadhari, acha sentimita 30 za ziada kila mwisho wa kebo, kwa sababu kila kichwa unachokata kinakula karibu sentimita 3.

Udhaifu wa koleo ni kisu chake. Vichwa vya kupitisha vinahitaji kisu kikali kinachokata ncha zote nane kwa mkupuo, na hiki kilianza kuacha vinyweleo vya shaba baada ya vichwa vichache. Vinyweleo hivyo ndivyo vinavyogusana na kuwasha taa mbili pamoja. Pitisha wembe mpya mbele ya kichwa kabla ya kupima. Hakikisha pia ganda la nje la kebo limeingia ndani ya kichwa na kubanwa na kile kidole cha plastiki. Likibaki nje, uzito wote unabebwa na nyaya nyembamba, na kebo itakufa siku mtu akivuta meza.

Sasa kosa kubwa. Kuna mafundi wanaopanga rangi jozi kwa jozi, chungwa, kijani, bluu, kahawia, wakifanya hivyohivyo pande zote mbili. Testa itawasha 1 hadi 8 bila dosari, na bado kebo ni mbovu. Mtandao unatumia pini (nafasi za nyaya kwenye kichwa) 1 na 2 kama jozi, 3 na 6 kama jozi, 4 na 5, kisha 7 na 8. Ukipanga jozi kwa jozi, pini ya 3 inatoka kwenye kijani na ya 6 inatoka kwenye bluu. Msokoto wa jozi ndio unaofuta kelele, na hapo umeuvunja. Kipande cha mita 2 kinaweza kufanya kazi, cha mita 30 kitapoteza data.

Mpangilio sahihi wa T568B (kanuni ya kawaida ya kupanga rangi), kichwa kikiwa na kishikio chini na mdomo wa kuingizia kebo ukikuelekea, kutoka kushoto: nyeupe-chungwa, chungwa, nyeupe-kijani, bluu, nyeupe-bluu, kijani, nyeupe-kahawia, kahawia. Usifumue msokoto zaidi ya milimita 13. Kisha pima kwa kompyuta ya Windows: amri ya ping -n 500 -l 1400 ikifuatwa na anwani ya ruta, inayotuma vifurushi 500 vya data na kuonyesha vingapi vimepotea. Kwenye waya wa nyumbani sitegemei kupoteza hata kifurushi kimoja.

Kompyuta ikionyesha kasi ya megabiti 100 kwa sekunde badala ya 1000, angalia kwanza kama ruta ina milango ya gigabiti, yaani ya kasi hiyo ya 1000. Zipo ruta nyingi zisizo nayo. Ikiwa inayo, kagua pini 4, 5, 7 na 8, kwa sababu kasi ya 100 inaridhika na 1, 2, 3 na 6 tu.

Testa haikwambii pia kama kebo ni shaba au alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza waya kwa wembe, weupe ukitokea ni alumini. Kwa malitimita (kipimo cha umeme) iliyowekwa kwenye omu, unganisha nyaya mbili za jozi moja upande mmoja, upime upande wa pili. Mita 30 za shaba ya Cat5e zinasoma karibu omu 5, alumini karibu 8. Alumini hukatika ikikunjwa, na kamera zinazopokea umeme kupitia kebo huzimazima.

Kwa jua letu la Dodoma, kebo ya kijivu isitoke nje kwenda banda la uani, itapasuka ganda. Tumia nyeusi ya nje. Juu ya dari ifunge kwenye kenchi, mbali na bati, na sentimita 20 kutoka nyaya za umeme. Zikilazimika kupishana, ziwe msalaba.

Betri ya volti 9 haimo kwenye boksi. Ikianza kuisha, taa hufifia na utadhani kebo mbovu, kwa hiyo weka kipande cha mita moja ambacho ni kizima, uanze kupima nacho kila mara.