Kadi ya Grafiki ya Kufuatilia Miale ya Mwanga: Ipi Ianze, Ipi Ifuate

Mtu anayetafuta kadi ya grafiki ya kurendea picha za majengo au katuni (yaani kuzikokotoa kutoka kwenye maumbo ya pande tatu) kwenye programu ya Blender kwa kawaida huanza kwa kuuliza kasi, ilhali swali litakalomwokolea fedha ni la kumbukumbu: je, mandhari yake yote itaenea ndani ya kadi? Mpangilio huu umesimama juu ya swali hilo, na haukuwalenga wachezaji wa gemu, ambao mahitaji yao ni mengine.

Kompyuta inayofuatilia miale huenda kinyume cha maumbile. Haisubiri mwanga utoke kwenye taa hadi ufike machoni, bali hurusha mwale kutoka kwenye kamera kupitia kila pikseli hadi ugonge uso wa kwanza. Kutoka hapo hurusha mwingine kuelekea taa, na huo ukizuiwa njiani, mahali hapo huwa kivulini. Arthur Appel alieleza njia hiyo mwaka 1968, Turner Whitted akaongeza mwaka 1980 miale inayoakisiwa na vioo na kupinda ndani ya maji, na mwaka 1986 James Kajiya akaandika mlinganyo unaojumlisha mwanga wote unaofika mahali fulani na kuondoka. Kwa kuwa mlinganyo huo haukokotoleki moja kwa moja katika mandhari ya kawaida, programu hurusha miale kwa kubahatisha pande nyingi, kisha huchukua wastani. Miale ikiwa michache picha hujaa chenga, na kuzipunguza kwa nusu hudai miale mara nne. Picha ya pikseli 1920 kwa 1080, yenye sampuli 128, yaani miale 128 ya kamera, kwa kila pikseli, huhitaji miale zaidi ya milioni 265 kutoka kwenye kamera pekee, kabla hata mmoja haujadunda.

Ili mwale usilinganishwe na kila pembetatu, mandhari hupangwa katika masanduku ndani ya masanduku. Mwale ukilikosa sanduku kubwa, vilivyomo vyote huachwa. Upimaji huo ndio kazi ya vitengo maalumu ambavyo kampuni ya NVIDIA ilivileta na kadi za RTX mwaka 2018. Hata hivyo masanduku, pembetatu na picha za kuvika kuta hukaa kwenye kumbukumbu ya kadi, na vikizidi nafasi, kazi huzorota au husimama kabisa.

Nafasi ya kwanza naipa RTX 4060 Ti ya gigabaiti 16, iliyotoka Julai 2023 kwa dola 499 za Marekani. Wachezaji wa gemu waliibeza kwa bei hiyo, na kwa upande wao walikuwa na haki. Anayerenda hununua nafasi.

Ya pili ni RTX 3060 ya gigabaiti 12, ya mwaka 2021, ambayo ndiyo ninayomshauri mwenye mfuko mwembamba. Hapa pana mtego: ipo pia RTX 3060 ya gigabaiti 8, jina lilelile, hivyo soma kiwango cha kumbukumbu kwenye programu ya GPU-Z, si kwenye boksi. Nyingi za mitumba zilichimba sarafu za kidijitali hadi mwaka 2022. Hilo peke yake si kosa, lakini omba irende mfululizo kwa nusu saa huku ukitazama joto lake. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

RTX 4060 inashika nafasi ya tatu. Mandhari yakienea katika gigabaiti zake 8, huipita RTX 3060 kwa kasi, tena kwa wati 115 tu dhidi ya 170. Ya nne ni Intel Arc B580, yenye gigabaiti 12, iliyotoka Desemba 2024 kwa dola 249. Bei hiyo ilikuwa nzuri, ila kwenye kompyuta ya zamani ambayo haina mpangilio wa Resizable BAR (unaoiruhusu prosesa kuifikia kumbukumbu yote ya kadi kwa mara moja), hupoteza nguvu nyingi. AMD RX 7600 naiweka mwisho: ni kadi nzuri ya gemu, lakini ina gigabaiti 8 na katika kurenda huachwa nyuma na RTX 4060.

Kabla ya kulipa, renda mradi wako mzito kuliko yote na usome kiwango cha kumbukumbu ambacho Blender huonyesha juu ya picha. Kikiwa chini ya gigabaiti 6, RTX 4060 itakutosha, na fedha itakayobaki iongezee RAM, kumbukumbu ya kompyuta yenyewe.