Kidonda sugu: daktari wa uanachama au kliniki ya vidonda ya hospitali?

Kidonda cha mguu kisichopona kinataka jicho lilelile kila wiki. Hapo ndipo daktari wa uanachama, yule anayelipwa ada ya mwezi badala ya kulipwa kila ziara, anapoizidi hospitali. Anapima urefu na upana kwa rula ya karatasi, anapiga picha, anakata nyama iliyokufa, na mgonjwa haahirishi kuja kwa kuogopa bili. Kidonda cha mguu wa kisukari kisipopungua eneo kwa nusu ndani ya wiki 4, matibabu yanahitaji kuangaliwa upya. Miadi ikiachana sana, wiki hizo hupita bila mtu kulinganisha vipimo.

Lakini hospitali ina eksirei, mashine ya kunyonya majimaji ya kidonda, plasta ngumu ya kuondolea unyayo uzito, na daktari wa mishipa ya damu. Kosa la hatari ni kufunga bandeji ya kubana kabla ya kulinganisha presha ya kifundo cha mguu na ya mkono. Uwiano ukiwa chini ya 0.5, damu haifiki vya kutosha, na kubana kunaweza kuiua ngozi. Asiye na dopla, kifaa cha kusikilizia mtiririko wa damu katika kipimo hicho, asifunge.

Kabla ya kusaini uanachama, uliza kama bandeji na dawa zimo kwenye ada. Mara nyingi hazimo. Ada hiyo si bima ya kulazwa. Kijiti cha kupimia kina cha kidonda kikigusa mfupa, au wekundu ukisambaa pamoja na homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.