Hema la wavuvi wa kwenye barafu, tumelilaza Kiwayu: lafaa au halifai?

Asalamu aleikum watazamaji wa hapa Lamu, na nyinyi wa Malindi, na nyinyi mliotawanyika nchi za baridi mnaotuangalia usiku wenu. Leo sina mshipi wala injini. Leo nina hema, na si lile la watalii wa Shela. Hili limeshonwa kwa ajili ya watu wanaovua samaki juu ya ziwa lililoganda.

Chekeni kwanza, mimi nangoja.

Haya. Kule Minnesota, Kanada, Finland, maziwa yanashika barafu kila mwaka. Barafu safi ikifika unene wa sentimita 10, idara ya maliasili ya Minnesota inasema mtu anaweza kutembea juu yake kwa miguu. Basi mvuvi anabeba keekee kubwa, anatoboa tundu, anateremsha mshipi, anakaa. Barafu ni nyepesi kuliko maji, inaelea juu, na samaki wako hai chini yake. Taabu iko kwa huyo aliyekaa juu. Joto linaweza kuwa nyuzi 20 chini ya sifuri, uwanda mtupu, upepo haukuti hata mti. Ndipo wakabuni hema la kubeba, lenye kuta nene.

Hili limeletwa na jamaa yetu aliyekuja likizo kutoka Kanada. Hakuna aliyenilipa, na jina la kampuni siliweki, maana mahema ya aina hii yanafanana sana.

Sasa mtu ataniuliza, Lamu kuna barafu wapi, zaidi ya ile ya kuwekea samaki? Swali zuri. Lakini mvuvi wa dago, kambi ya wavuvi ufukweni, ananielewa tayari. Umetoka majini saa tisa za usiku, kanzu ya mvua imevuja, suruali imeganda chumvi, na upepo wa kusi unavuma tangu jua lilipotua, haujapumzika. Kipimajoto kinasoma nyuzi 23 au 24. Mtu wa Kanada hapo angevua shati, na wewe meno yanagongana. Joto la mwili linaporwa na vitu viwili, maji na upepo, hata kama hewa yenyewe si ya baridi. Kwa hiyo tulilipeleka kisiwa cha Kiwayu wakati wa kusi, upande wa ndani, maana bahari kuu haikuwa ikiendeka, tukalala nalo na wenzetu wa dago.

Leta kamera karibu. Mfuko wake ni mrefu, unakaribia kimo cha mtoto wa miaka saba, na uzito wake ni kama kilo 20. Punda aliubeba kutoka gatini bila neno, ila kwenye vichochoro vya Langoni ilibidi watu wajibanze ukutani. Kwenye boti unakaa vizuri.

Kulisimamisha ni raha, hapo nawapa heko. Kila ukuta una fito za faiba zinazokutana katikati. Unashika kamba ile ya katikati, unavuta kwako, ukuta unajitokeza wenyewe, tap! Unafanya hivyo kuta zote nne, kisha paa. Mtu mmoja anaweza, upepo ukiwa mdogo. Kusi likikaza mnahitajika wawili, mmoja alale juu ya upindo wa chini, la sivyo mtalifuata kisiwa cha Ndau.

Tazama ukuta. Nje kitambaa kigumu cha polista, ndani kitambaa cheusi, na katikati kuna tabaka la nyuzi laini lililoshonwa kwa miraba kama godoro jembamba. Ule weusi wa ndani una maana kwao. Hema likiwa giza, mvuvi anaona chini ya tundu mpaka samaki. Sisi hatuna tundu, kwa hiyo tumebaki na weusi tu.

Na hizo nyuzi si moto, jamani. Nimesikia mtu gatini akisema hema hili "linatoa joto". Halitoi. Kazi yake ni kushika hewa isitembee, maana hewa iliyotulia hupitisha joto polepole sana. Mtu aliyetulia hutoa joto la karibu wati 100. Mkiwa wanne ni 400, na hema linachofanya ni kulichelewesha lisitoke. Kuchelewesha tu. Ukilielewa hilo, mengine yote nitakayosema yatakuwa wazi.

Tuanze na mchana, maana ndipo liliponiudhi.

Lamu iko nyuzi 2 na ushei kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri liko karibu na utosi wako, na hema hili lina paa la rangi iliyokoza. Tulifunga madirisha, tukaacha kipimajoto ndani. Kabla ya adhana ya adhuhuri kilikwisha kupita joto la mwili wa mtu. Ami mmoja, nahodha wa siku nyingi, aliingiza kichwa, akakitoa, akasema: "Hili si hema, mwanangu, hili ni tanuri la chokaa."

Sikuwa na la kumjibu. Joto likishaingia, zile nyuzi zinalichelewesha kutoka, vilevile kama zinavyolichelewesha kule kwenye barafu. Tulifungua madirisha yote. Lina madirisha ya plastiki yanayobandukwa, na matundu mawili ya hewa karibu na paa. Ikawa afadhali, lakini afadhali ya mtu anayevumilia.

Kilichosaidia ni tanga. Tanga kuukuu la dau, jeupe, tulilitandaza juu ya hema kwa kamba na fito mbili, tukaacha nafasi ya kama shubiri mbili kati ya tanga na paa. Jua likapiga tanga, upepo ukapita katikati ukalichukua lile joto kabla halijafika kwenye hema. Hapo watu walilala baada ya chakula cha mchana. Lakini usilaze tanga juu ya paa moja kwa moja, maana nafasi ile ndiyo inayofanya kazi. Ni hivyo hivyo kwa zile karatasi za kung'aa za fedha mnazoziona madukani Mombasa. Ukizibana kati ya vitambaa viwili bila nafasi ya hewa, umenunua mapambo.

Na kwa kusema kweli, banda la makuti lilikuwa hapo pembeni likitucheka. Makuti yana hewa kati ya kila kuti, na yanapumua. Mchana, kwa pesa ya hema hili, makuti yanashinda na chenji inabaki.

Usiku ni habari nyingine kabisa.

Uone huu upindo wa chini, huu mpana unaolala nje kwenye mchanga? Kule wanaurundikia theluji. Sisi tuliurundikia mchanga, pande zote. Ukifunga zipu, upepo umekatika. Si kupungua, kukatika. Nje kusi linavuma, mawimbi yanapiga, ndani moto wa mshumaa umesimama wima. Wenzetu waliorudi na nyavu usiku walivua nguo za maji, wakavaa kavu, na kabla ya mtu kumaliza kusimulia alichokosa, walikuwa wameacha kutetemeka. Hapa hema limelipa.

Jambo jingine ambalo sikulitarajia: umande. Turubai la kawaida likipigwa na baridi ya alfajiri linalowa kwa ndani, kwa pumzi zenu wenyewe, linawadondokea usoni. Paa hili kwa ndani halipoi sana, kwa hiyo halikudondosha. Tuliacha matundu ya juu wazi, na nawaomba msiyazibe hata mkisikia kijibaridi. Pumzi za watu wanne ni maji mengi.

Kasoro yake kubwa ya usiku ni chini. Halina sakafu! Bila shaka, wao wanataka kufikia tundu. Lakini mchanga wenye unyevu unakunyonya joto ubavuni usiku kucha, na kuta nene hazikusaidii kitu. Wavuvi wa barafu wanatandika vipande vya povu gumu vinavyoshikana. Sisi tulichukua ile nyeupe nyepesi inayokuja kwenye maboksi ya televisheni na friji, tukaipanga chini, juu yake jamvi, juu ya jamvi mkeka. Ile nyeupe imejaa vijumba vya hewa vilivyozibwa, hainywi maji. Sponji la godoro linakunywa. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa iliyotulia, kwa hiyo sponji lililolowa ni hasara tupu.

Ila tafadhali, ile nyeupe ivisheni magunia mshone. Inamomonyoka, na Kiwayu iko ndani ya hifadhi ya bahari ya Kiunga, kasa wanakuja kutaga hapo. Kasa hajui chembe ile si chakula.

Sasa nisikilizeni vizuri hapa, hasa vijana. Msiingize jiko la makaa ndani ya hema hili. Hata la kuchemshia kahawa, hata "dakika tano tu". Makaa yanatoa kaboni monoksidi, hewa isiyo na harufu wala rangi, inayoshika damu ikanyima mwili oksijeni. Mtu hasikii kuungua koo. Anasikia kichwa kizito, usingizi, basi. Kule kwenye barafu wanatumia hita za gesi ndani ya mahema haya, na watu hufa kwa sababu hii hii, ndiyo maana wanaambiwa waache matundu wazi na waweke kengele ya kupima hewa hiyo. Hapa hatuna haja ya moto wa kupikia wala wa kuota ndani. Pikeni nje, nyuma ya hema, mahali palipokingwa na upepo.

Kuhusu uimara, nitakwenda haraka. Vigingi vyake ni vya parafujo, vya kukaza kwenye barafu. Mchangani havishiki. Tulijaza magunia mchanga, tukayafunga kamba, tukayafukia, hema halikusogea. Zipu ni kubwa, lakini kichwa chake ni cha chuma, na chumvi haina huruma na chuma. Pitisha mshumaa kwenye meno ya zipu kabla ya safari. Na kila ukirudi mjini, lioshe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, ulianike mpaka likauke ndani kabisa. Chumvi ikibaki kwenye zile nyuzi huvuta unyevu hewani, hema halikauki tena, na hema lisilokauka limekwisha kazi yake. Najua maji ya visima vya Shela si ya kumwaga, lakini ndoo mbili zinatosha.

Bei? Aliyelileta anasema kwa pesa yake ya kule ni mamia ya dola, kabla ya mzigo. Mvuvi wa Kizingitini akinunua kitu hiki kwa bei hiyo nitamshika mkono nimrudishe nyumbani kwa mkewe.

Fanya hivi badala yake. Chukua turubai lako hilo hilo. Shonea upindo wa magunia upande wa chini, upana wa kama mkono mmoja kuanzia kiwiko hadi ncha za vidole, uufukie mchangani. Hilo peke yake ni zaidi ya nusu ya faida niliyoipata usiku. Kisha ushone pazia la pili kwa ndani upande wa kusi, la shuka nzito au blanketi kuukuu, liachane na turubai kwa vidole vinne. Chini, ile nyeupe ndani ya magunia, na jamvi. Acha tundu juu upande usiopigwa na upepo. Mchana kunja kuta zote, tandaza tanga juu kwa nafasi. Fundi cherehani yeyote mjini anakushonea.

Mnaoishi huko kwenye barafu wenyewe, maana nimeona mnaniandikia: kwenu jibu ni tofauti. Nunueni lenye kuta nene, msihangaike na jembamba la kuongezea mablanketi, maana mablanketi yanashika unyevu. Rundikeni theluji kwenye upindo, wekeni povu chini ya miguu, acheni matundu wazi. Na unene wa barafu mpimeni wenyewe kwa keekee, msimwamini aliyepita jana.

Hema hili linabaki dago, wenzetu wa Kiwayu wameliomba mpaka kusi liishe. Kaskazi likiingia tutalikunja, maana joto la kaskazi na hema hili haviwezi kukaa chumba kimoja. Mwenye swali la kushona upindo aniandikie hapo chini, nitaipeleka kamera kwa fundi mumuone akishona. Video ijayo ni makasha ya barafu ya kuwekea nguru na jodari, lile la faiba na lile la friji bovu, nani anamaliza siku na barafu bado imo. Maasalama.